Mteja wa Kumi na Mbili

Nilipokuwa na miaka saba shangazi yangu alinituma dukani. "Ukifika sema sabuni moja ya kufulia, basi," akaniambia, na lile "basi" alilisema kwa kidole. Nikafika. Nikamweleza muuzaji kwamba nimetumwa na shangazi, kwamba shangazi ni dada yake baba, kwamba baba kasafiri na hatujui atarudi lini, kwamba sabuni ya juzi ilitumbukia chooni, na kwamba aliyeitumbukiza siyo mimi ingawa watu wanasema ni mimi. Nilirudi nyumbani na kiberiti.

Tangu siku hiyo ukoo mzima unaniita Gazeti. Hata sasa, nikiwa na kipara kinachopiga hatua kila mwaka, nikisimama kuongea kwenye kikao cha familia wazee hujiweka sawa kwenye viti kama watu wanaojiandaa kwa safari ndefu. Nataja haya mapema ili lawama zisiende kwa kompyuta. Ule ujumbe mnene nitakaousimulia haukuzaliwa na mashine. Ulizaliwa na mimi.

Shangazi ni fundi wa miwani. Siyo yule anayekaa mbele na koti jeupe akikuuliza kama unaiona herufi ya tatu. Yeye ni wa nyuma. Duka likishakupima, na ukishachagua fremu ya kukufanya uonekane umesoma, fremu hiyo na vipimo vyako huenda kwake, naye huchukua lenzi ya duara, huikata, huisaga ukingo na kuipachika mpaka itulie bila kucheza. Kwenye karakana ile aliingia akiwa msichana wa kufagia. Mzee mwenye karakana alikuwa na mkono unaotetemeka. Siku moja lenzi ilipomponyoka kwa mara ya nne, shangazi akamwambia, "Mzee, nishikie ufagio," akaikata mwenyewe. Mzee akashika ufagio. Shangazi husema hakuudai tena mpaka mzee alipostaafu na kumwachia karakana.

Ni chumba kimoja kirefu nyuma ya saluni, chenye dirisha moja. Ukuta mzima umejaa droo ndogo ndogo za lenzi, mia mbili na arobaini, naye huifungua anayoitaka huku anaangalia kwingine. Kuna mashine ya kukatia inayolia kama mtu aliyekanyagwa kidole, jiwe la kusagia linalotiririkiwa maji, redio inayoshika stesheni moja tu na hiyo moja haipendi, na kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kutoka msumari hadi msumari. Kwenye kamba haaniki nguo. Anabana karatasi za oda kwa vibanio: kushoto zinazongoja, kulia zilizokwisha. Shingo yake imezoea kwenda kulia.

Karatasi hizo zinatoka kwenye printa ndogo, aina ile ya risiti, na printa niliiweka mimi. Miaka sita iliyopita vipimo vilikuwa vinasomwa kwa simu na shangazi anaandika kiganjani. Nikaja na printa kwapani, nikaiunganisha na mfumo wa oda, ikakoroma na kutapika karatasi ndefu kama kilemba. Shangazi alitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Imefanana na wewe." Nilichukulia kama sifa.

Sasa sikiliza kilichokuwa mezani. Kazi yake yote inatoka kwenye maduka sita ya mwenye mmoja. Mwaka huu mwenye maduka alileta masharti mapya: fremu zinazoletwa leo saa kumi jioni, na vipimo vyake vikifuata kesho asubuhi kwenye printa, zichukuliwe kesho hiyo saa kumi jioni zikiwa na lenzi ndani. Ukichelewa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kazi yote inahamia kiwandani, kwenye mashine inayokata lenzi mia kwa saa na haina shingo ya kuuma. Mwezi ule shangazi alikuwa ameshachelewa mara mbili, mara moja kwa sababu ya umeme, mara moja kwa sababu ya jino. Ilikuwa tarehe kumi na tisa tu. Alinipigia kunieleza.

"Usijali, shangazi," nikamwambia. "Teknolojia ipo."

"Ndiyo maana najali," akasema.

Kazini kwangu tuko watu tisa, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, jambo ambalo mchana huwa ni mateso ya makusudi. Tunatengeneza mfumo ambao maduka hayo ya miwani na mengine mengi hupelekea oda zao. Sehemu yangu ni ile inayoitwa webhuku. Jina lisikutishe. Jambo likitokea kwenye mfumo, tuseme oda mpya imeingia, mfumo hausubiri kuulizwa. Unakwenda wenyewe kwa mhusika, unapiga hodi na kumwambia. Ndiyo hiyo tu. Swali ni moja: ukishafunguliwa mlango, useme kiasi gani?

Mimi nilipoiandika nilisema kila kitu. Jina na umri wa mteja, vipimo vyake vya leo na vya miaka yote, rangi ya fremu kwa maneno na kwa tarakimu, anwani ya duka, saa za kufungua duka, jina la aliyempima, na jina la msimamizi wa aliyempima. Ujumbe wangu ulikuwa ukipiga hodi unaingia ndani, unavua viatu, unaomba maji, halafu unaanza na ukoo.

Kiongozi wetu wa timu tunamwita Mizani, kwa kuwa hupima kila kitu, hata sukari kwenye chai za wenzake. Siku moja alichapisha ujumbe wangu mmoja, akauweka mezani mbele ya wote. Kurasa nne.

"Hii ni oda ya nini?" akaniuliza.

"Miwani ya kusomea."

"Ya watu wangapi?"

"Mmoja."

"Maskini. Na akishaipata, aanze kwa kuisoma hii?"

Walicheka mpaka mtu wa magodoro akagonga dari kwa ufagio. Lakini Mizani hakuwa anatania. Jumbe zile zilikuwa zinachelewa njiani kwa uzito, mifumo ya wateja ilikuwa inapaliwa, na mbaya zaidi, tulikuwa tunamwaga siri za watu hovyo. "Mkata lenzi ana haja gani ya kujua huyu mama ana umri gani?" akauliza. Nilikuwa na maelezo marefu, lakini si jibu.

Ikaamuliwa tuhamie ujumbe mwembamba. Utapiga hodi, utasema mambo matatu: kuna oda mpya, namba yake hii, saa hii. Kisha uondoke. Anayetaka zaidi atakuja mwenyewe na ufunguo wake, aulize, na apewe kile kinachomhusu tu. Kazi ya kuuhamisha nikapewa mimi, nadhani kama adhabu, na jambo la ajabu ni kwamba niliipenda. Nikawa kama mtu aliyepungua kilo tatu: siwezi kumwona mwenzangu anakula bila kumpa ushauri. Nilianza kufupisha hata salamu. Mke wangu akiniuliza siku ilikuwaje, najibu, "Ilikuwepo." Aliniambia nirudi kuwa mnene.

Kuhamisha wateja siyo kubadilisha balbu. Tulikuwa na wateja kumi na wawili wanaopokea jumbe, na kila mmoja ilibidi aonywe mapema, arekebishe mfumo wake ujifunze kuuliza, kisha athibitishe. Niliwapa miezi mitatu na barua pepe tatu, kila moja fupi kuliko iliyotangulia. Ya mwisho ilisema: "Tarehe ishirini, saa mbili asubuhi. Jiandae." Nilijisikia jemadari.

Kumi na mmoja walijibu. Wa kumi na mbili, kimya. Kwenye orodha hakuwa na jina la kampuni wala simu, ila anwani ya barua pepe na jina alilojipa: jaribio-la-mwisho-2.

"Huyu ni nani?" Mizani akauliza kwenye kikao cha mwisho.

"Hakuna mtu hapo. Kuna mtu alikuwa anajaribu kitu, akasahau kuzima."

"Lakini anapokea jumbe kila siku ya kazi. Nane, tisa, kumi. Kitu kilichokufa hakili kila siku."

Hapa ndipo ningeweza kunyamaza. Badala yake nilisimama. "Kiongozi, mtu mwenye akili timamu anaipa kazi yake jina la jaribio la mwisho, halafu namba mbili? Maana yake la kwanza halikuwa la mwisho. Tumemwonya mara tatu. Hajibu. Huyo ni mzembe, na mzembe dawa yake ni moja. Akikatwa, atajifunza."

Watu wakapiga meza. Nilikaa chini nikiwa na joto zuri kifuani.

Tarehe ishirini, saa mbili kamili asubuhi, nikabonyeza. Kwenye ukuta tulikuwa tumetundika skrini yenye mstari unaoonyesha uzito wa jumbe zetu, na mstari ule ukadondoka kama suruali isiyo na mkanda. Jumbe zikaanza kwenda, nyepesi, alama ya kijani kwa kila moja iliyopokelewa. Wote kumi na wawili kijani. Hata mzembe. Kufikia saa sita hakuna aliyelalamika. Mizani akatuma mtu akalete keki, akaikata mwenyewe vipande tisa vyenye ukubwa sawa kabisa.

Wakati nikieleza mbele ya keki jinsi nilivyofanya, simu yangu ikatetemeka. Shangazi. Nikaigeuza kifudifudi. Ikatetemeka tena. Nikaiwekea sahani juu. Mara ya tatu sahani ikaanza kutembea mezani.

"Pokea," Mizani akasema.

"Ni mambo ya nyumbani tu."

Halafu ikaingia meseji. Shangazi hatumi meseji. Husema vidole vyake ni vya kazi. Nikaichungulia. *Printa yako imekuwa bubu. Njoo.*

Maneno matano, hakuna hata moja la ziada. Nilikuwa bado najiandaa kutabasamu nilipokumbuka ni mfumo gani unaoilisha printa ile. Nikafungua orodha. Nikaitazama ile anwani ya barua pepe ya mteja wa kumi na mbili, ambayo nilikuwa nimeiandikia mara tatu kwa ukali bila kuisoma hata mara moja, kwa kuwa mashine ndiyo iliyokuwa inatuma. Ilianza na *profesa.mtarajiwa*.

Profesa mtarajiwa ni mimi. Hiyo barua pepe niliifungua wiki yangu ya kwanza chuoni. Chuo tuliachana mwaka wa tatu, kwa hiari ya pande zote mbili, na tangu hapo sijaifungua, kwa sababu maktaba ya chuo bado inaniandikia humo kudai kitabu cha utangulizi wa takwimu ambacho sikumbuki hata kukibeba. Katikati ya barua za mkutubi, safi, hazijaguswa, zilikaa barua zangu tatu. Nilijionya. Nikajipuuza. Nikajisimanga mbele ya kikao, na watu wakapiga meza.

Jaribio la mwisho, namba mbili, ilikuwa printa ya shangazi, niliyoiandikisha kwa barua pepe hiyo siku ya kuifunga. La kwanza lilikataa kwa sababu nilikosea waya.

"Natoka kidogo," nikasema. "Naenda kwa mteja." Na katika yote niliyosema siku ile, hilo ndilo lililokuwa la kweli.

Nilifika karakana saa saba kasoro dakika kumi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, mashine imezimwa. Sijawahi kumwona amekaa hivyo mchana. Mezani, fremu tisa zimepangwa kwenye vitrei, kila moja na namba yake. Kambani, upande wa kushoto, karatasi tisa fupi kama tiketi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Soma hiyo."

Nikasoma. *ODA MPYA. NAMBA 4471. SAA 2:04. ULIZA UPATE MAELEZO.* Sentensi ile ya mwisho niliitunga mimi, na niliionea fahari.

"Nimeuliza," shangazi akasema. "Nimeiuliza mara tisa, moja kwa kila karatasi. Ya mwisho niliiinamia kabisa. Haijibu."

"Siyo printa inayoulizwa, shangazi. Ni mfumo. Kompyuta ndiyo inauliza."

"Kompyuta ipi?"

Tukaangalia chumba wote wawili, kana kwamba ingejitokeza nyuma ya ndoo.

"Na dukani ulipiga?"

"Nilipiga. Binti akaniambia, 'Shangazi, kwetu inaonyesha imetumwa na wewe umepokea, iko kijani.' Nikamwambia nisomee vipimo. Akasema siku hizi hawaruhusiwi kusoma habari za macho ya mtu kwenye simu. Nikamuuliza nani kaweka hiyo sheria. Akasema mfumo." Akanitazama. Macho yake hayajawahi kuhitaji miwani, na hilo ni tatizo kubwa kwa sisi wengine. "Saa kumi anakuja Dakika."

Dakika ni dereva wa pikipiki wa maduka. Ameitwa hivyo kwa sababu hana saa, ana dakika. Akibeba fremu zote, anabonyeza kwenye simu yake *zimekamilika*. Ikipungua hata moja, anabonyeza *pungufu*, na kwa mwezi ule pungufu ingekuwa ya tatu.

Nilitoa kompyuta kwenye mkoba nikaiwasha. Hapo nikagundua jambo lingine. Ili kuuliza, lazima uwe na ufunguo. Wateja kumi na mmoja walipewa wao. Wa kumi na mbili hakuupewa, kwa kuwa hakuwa mtu. Na funguo hutolewa na Mizani peke yake.

Nilifikiria kwa muda namna ya kupita dirishani. Ipo. Niliuandika mimi mfumo huo, najua dirisha lisilofungwa vizuri. Shangazi alikuwa ananiangalia.

"Kuna mtu unatakiwa kumpigia," akasema, "na hutaki."

Nikapiga.

"Kiongozi, nahitaji ufunguo wa mteja wa kumi na mbili."

"Amejitokeza?" Sauti ya Mizani ikachangamka. "Ni nani?"

"Ni... karakana moja ya lenzi."

"Inaendeshwa na nani?"

"Na shangazi yangu."

"Na barua pepe tulizotuma zilikuwa zinaenda kwa nani?"

"Kwangu."

"Yaani yule mzembe."

"Ndiye."

"Yule ambaye dawa yake ni moja."

"Kiongozi, amejifunza. Ana fremu tisa na masaa matatu. Zikichelewa anapoteza kazi yote. Kosa ni langu, si lake. Nisimange kesho, leo nipe ufunguo."

"Nakutumia sasa hivi," akasema. "Na kesho nakuja hapo. Kusimanga nitakufanyia ukiwa unaniona."

Ufunguo ukaingia. Nikauliza oda ya kwanza, na mfumo, kwa adabu zote, ukanijibu. Mpango ulikuwa rahisi: kile ambacho kompyuta ya shangazi ingekifanya, kama angekuwa nayo, nitakifanya mimi. Nitauliza, nitasoma kwa sauti, atakata. Elimu yangu yote ilikuwa imenifikisha kuwa waya.

"Soma," akasema, mashine ikiwa imeshaanza kulia.

"Oda elfu nne mia nne sabini na moja, imeingia saa mbili na dakika nne asubuhi, kutoka duka la tatu, fremu ya kahawia iliyokolea..."

"Fremu ninayo mkononi, naiona! Vipimo!"

"Mteja alipimwa na..."

"Gazeti!"

"Kulia, kutoa moja na nusu. Kushoto, kutoa moja na robo tatu."

"Kumbe unaweza."

Tukaenda. Anafungua droo bila kuangalia, anaweka alama katikati ya lenzi, anaibana, mashine inalia, jiwe linatema maji, lenzi inaingia kwenye fremu kwa kile kimlio kidogo cha kuridhika. Dakika kumi na nane, ishirini. Ya pili. Ya tatu. Nilikuwa napunguza maneno kila oda. Kwenye ya tano nilikuwa nasema namba tu. Zote zilikuwa za kutoa, za watu wasioona mbali, kwa hiyo hata neno "kutoa" nikaliona mzigo, nikalitupa. Nilisikia raha. Niliwaza: Mizani angeniona.

Ya saba nikasema, "Mbili na robo, mbili na robo."

Alikata, akasaga, akapachika. Halafu akafanya anachofanya kwa kila miwani kabla ya kuiweka kulia: aliisogeza juu ya karatasi yenye maandishi, akachungulia. Akaisogeza tena.

"Herufi zimenywea," akasema polepole. "Huyu ni wa mbali au wa kusomea?"

Nikaangalia. Mbele ya namba kulikuwa na alama ya kujumlisha. Imekaa pale, nyeusi, haina hatia.

"Na chini wameandika nini? Dukani huwa wanaandika kitu chini."

Chini, mahali ambapo tangu oda ya pili nilikuwa sipasomi, paliandikwa: *Anataka asome barua za wajukuu bila kuwaomba wamsomee wenyewe.*

Shangazi alizima mashine. Hakupiga kelele, kelele ningeivumilia. "Nilikwambia ufupishe," akasema. "Sikukwambia uache kusema."

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na tano. Alizing'oa lenzi zile mbili, akafungua droo nyingine. Kuanzia hapo nilisoma alama, namba na yale ya chini, na nikaona anayasikiliza yale ya chini kuliko yote. Ya nane ilikuwa ya mwalimu anayelala na miwani usoni. Shangazi akazungusha kona za lenzi zisimchome. Ya tisa nikasoma, "Mteja ameikalia iliyopita."

Akaacha kazi. "Ameikalia *tena*? Hiyo ni ya nne mwaka huu. Anaiweka wapi, huyo, kitini?" Akachukua lenzi nene kidogo ukingoni. "Huyu ninamjua. Nawajua wote. Sijawahi kumwona hata mmoja."

Saa kumi kamili pikipiki ikakata muungurumo mlangoni. Fremu nane zilikuwa kulia. Ya tisa ilikuwa ndiyo kwanza inabanwa kwenye mashine.

Dakika akaingia na helmeti kichwani, simu imeshafunguka mkononi. "Habari za kazi. Tisa?"

"Nane na moja inakuja," shangazi akasema bila kugeuka.

"Mama, unajua mimi..." Kidole chake kikaelea juu ya simu. Kwa masharti ana ruhusa kusubiri mpaka saa kumi na nusu. Hajawahi kuitumia hata dakika moja; hujisikia kama ameibiwa.

Nikamtazama shangazi mgongoni. Nikaitazama mashine. Nikakitazama kile kidole. Kisha nikafanya kitu pekee ambacho Mungu alinipa bila kunipima.

"Kaka," nikasema, "umewahi kujiuliza oda inafikaje hapa?"

"Hapana."

"Basi nikueleze kwa kifupi. Nikiwa na miaka saba, shangazi yangu huyu alinituma sabuni..."

Nilimpa yote. Nilimpa sabuni, choo, kiberiti. Nilimpa duka la magodoro na harufu yake. Kila mara kidole chake kilipotaka kushuka, nilisema, "Na hapo ndipo mambo yalipogeuka," na kidole kinasimama, kwa kuwa binadamu akisikia mambo yamegeuka lazima ajue yalielekea wapi. Nilipofika kwenye mkutubi na kitabu cha takwimu akavua helmeti. Nilipofika kwenye profesa mtarajiwa akakaa kwenye ndoo. Nyuma yangu jiwe lilikuwa linatema maji, na mimi nilikuwa najaza jumbe zangu zote za miaka sita kwenye sikio la mtu mmoja.

"Kwa hiyo," akauliza, "ulijitukana mwenyewe kwenye kikao?"

"Na wakapiga meza."

"Na huyo mkubwa wako alisema nini?"

Nyuma yangu, kimlio kidogo cha kuridhika. Shangazi akachungulia kupitia lenzi, akaiweka kwenye kitrei cha tisa, akakisukuma. "Tisa," akasema.

Dakika akashtuka kama mtu aliyeamshwa kwenye basi. Akaangalia saa: kumi na dakika ishirini na moja. Akabonyeza *zimekamilika*, akabeba, akafika mlangoni, akarudi. "Kaka, na hiyo ndiyo kwa kifupi?"

"Ni muhtasari."

Akaondoka akitikisa kichwa. Shangazi akafuta mikono kwa aproni. Nilisubiri neno. "Muda wote huu," akasema, "nilikuwa sijui huo mdomo una kazi gani."

Mizani alikuja kesho yake asubuhi, kama alivyoahidi, na akanisimanga nikiwa namwona, kwa vipande vidogo vyenye ukubwa sawa. Alipomaliza akavuta kiti karibu na shangazi, akampa karatasi moja ya zamani, moja ya zile ndefu kama kilemba, akamuuliza kwa heshima, "Mama, humu unatumia nini?"

Shangazi alichukua mkasi uliokuwa unaning'inia kwenye msumari, msumari ambao kwa miaka sita nimekuwa nikiuona bila kujiuliza ni wa nini. Akakata mistari miwili ya vipimo. Akashuka, akashuka, akashuka, akakata mstari mmoja wa chini kabisa. Akavibana vyote viwili kwa kibanio kimoja. Vilivyobaki vikaanguka sakafuni, na vilikuwa vingi.

"Kila siku?" Mizani akauliza.

"Kila oda."

Mizani akaniangalia. Nami nikainama kuokota kazi yangu sakafuni. Jioni ile tulileta kompyuta ndogo iliyotumika, saizi ya kitabu, nikaifundisha kuuliza kwa niaba ya printa, na kutoa mistari mitatu tu. Tuliifungia ukutani juu ya ndoo. Kwenye orodha ya wateja jina lilibadilishwa, na barua pepe ya onyo siku hizi inakwenda kwa Mizani, nakala kwangu, na Mizani hunipigia kuhakikisha nimeisoma.

Mwezi ule uliisha bila kuchelewa kwa tatu. Shangazi hakusema asante, wala sikuitarajia. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwangusha. Ila wiki moja baadaye alinipigia, nami nikapokea kabla simu haijatetemeka mara mbili.

"Karatasi zako ni nzuri," akasema. "Fupi. Lakini umeniletea tatizo."

"Tatizo gani, shangazi?"

"Yale mabaki niliyokuwa nakata nilikuwa nafungia lenzi zisikwaruzane. Miaka sita, sijawahi kutafuta karatasi. Sasa nitafungia na nini?"

Ndiyo hivyo, tangu hapo kila Jumatatu nampitishia marobota ya magazeti ya zamani. Anaridhika. Anasema karatasi ni laini, na angalau humo kuna habari.